Stika ya simenti ya mama: barua ya wazi kuhusu kinachoachwa ndani ya mifupa yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Uganda,
Kwa wakuu wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa na Bohari ya Taifa ya Dawa,
Nakala kwa kila hospitali inayofanya upasuaji wa mifupa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Busia, upande wetu wa mpaka. Mimi ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Kwa miaka 17 nimesimama kando ya madaktari wa mifupa nikiwapa vyuma, nyuzi na, siku za kuweka nyonga za bandia, simenti ya kushikilia chuma mfupani. Ninachowaomba ni kitu kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa. Ni stika.

Pakiti za simenti ya mifupa huja na stika za kubandua, zenye jina la simenti, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiwanda huziweka ili moja ikae kwenye faili la mgonjwa. Katika thieta nilizopitia nimeziona nyingi zikienda kwenye ndoo ya taka pamoja na karatasi za glovu. Nyingine nimezitupa kwa mkono wangu, basi asidhani mtu kwamba nimekuja kunyooshea wenzangu vidole.

Kwa ndugu wanaosoma hapa bila kuwahi kuingia thieta, nieleze kidogo. Mama yangu alipovunjika nyonga na kuwekewa ya bandia, majirani walikuja kumpa pole, na mzee mmoja akauliza kwa dhati kabisa kama simenti aliyowekewa ni ya Tororo, ile ya kujengea nyumba. Tulicheka mpaka mama akashika mshono. Lakini swali lilikuwa zuri kuliko tulivyodhani, maana hakuna aliyeweza kumjibu mzee yule ni simenti ya wapi.

Si ya Tororo. Ni plastiki ya akriliki, ndugu wa karibu wa ile inayotengenezewa ufizi wa meno bandia. Huja kwa sehemu mbili: unga, kwa kawaida gramu 40, na ampuli ya kimiminika, mililita 20 hivi, chenye harufu ambayo ukiinusa mara moja utaitambua hadi uzeeni. Ndani ya unga kuna chembe za plastiki iliyokwisha kuungana, benzoili peroksaidi ya kuanzisha mmenyuko, na bariamu salfeti au zirkoniamu dioksaidi ili simenti ionekane kwenye eksirei. Kimiminika ni methili methakrileti, chenye kichapuzi na haidrokwinoni kidogo ya kukizuia kisigande chupani kabla ya siku yake. Ukivichanganya unapata uji. Uji unakuwa kama unga wa chapati uliokandwa, kisha unaacha kunata kwenye glovu, na hapo daktari ananyoosha mkono. Dakika chache baadaye limekuwa jiwe.

Wala si gundi, ingawa wengi huiita hivyo. Hushika kama lipu inavyong'ang'ania tofali lililokwaruzwa: inaingia kwenye vitundu vya mfupa, inagandia humo, na chuma kinakaa imara katikati. Mfupa ukiwa na damu au mafuta hauishiki vizuri, ndiyo maana daktari makini anauosha na kuukausha kwanza, hata kama wagonjwa watatu wanasubiri nje.

Je, mwili unaipokea? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na sitaki barua hii isomwe kama vita dhidi ya simenti. Daktari John Charnley alianza kuitumia kwenye nyonga huko Uingereza mwaka 1958, na tangu hapo mamilioni ya watu wametembea juu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 1,225 wenye miaka 60 na zaidi waliovunjika nyonga, ulionyesha kwamba waliowekewa nyonga kwa simenti waliendelea vizuri kuliko waliowekewa bila simenti, na mifupa yao ilivunjika mara chache zaidi kandokando ya chuma. Kwa bibi zetu wenye mifupa myepesi kama ganda la yai, simenti ni rafiki.

Ila ni rafiki mwenye masharti. Inapogeuka jiwe hutoa joto. Kiwango cha kimataifa, ISO 5833 cha mwaka 2002, kinaruhusu sampuli ya maabara ifike hadi nyuzi 90. Ndani ya mwili joto huwa chini ya hapo, kwa kuwa tabaka ni jembamba na damu hulibeba joto. Tena si kimiminika chote kinachoungana na unga. Sehemu ndogo hubaki na kuvuja polepole, na mwili huivunja na kuitoa kwa pumzi. Simenti ikishaganda vizuri huwa mgeni mpole. Kabla ya kuganda ndipo ilipo mbaya, na sisi tunaoikoroga tunaijua hivyo: mvuke wake unachoma macho, na kimiminika hupenya glovu za mpira kama vile hazipo. Vidole vyangu viwili vilichubuka karibu mwaka mzima nikidhani ni sabuni, mpaka daktari mgeni aliponiambia nivae glovu mbili na nisikiguse kimiminika kwa namna yoyote.

Kwa mgonjwa, dakika za hatari ni zile simenti inaposukumwa ndani ya fupa la paja. Presha ndani ya mfupa hupanda, na mafuta ya uboho, hewa na vipande vidogo husukumwa kwenye mishipa ya damu hadi mapafuni. Oksijeni inashuka, presha ya damu inashuka, na mara chache moyo unasimama. Zamani kosa lote lilitupiwa kimiminika; leo mafuta hayo yanayosukumwa yanahesabiwa kuwa sehemu kubwa ya tatizo. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye maradhi ya moyo au mapafu, na wenye saratani iliyofika kwenye mfupa. Mwaka 2009 madaktari walioandika kuhusu hali hii waliigawa katika ngazi tatu, ya tatu ikiwa ni moyo kusimama. Mwaka 2015 vyama vya wataalamu wa Uingereza vikatoa mwongozo: osheni mfupa, ukausheni, jazeni simenti kutoka chini kuja juu kwa bunduki yake, msisukume kwa nguvu nyingi mgonjwa akiwa dhaifu, na kabla ya yote daktari amwambie mtu wa nusukaputi kwamba simenti inaingia.

Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi. Nimefanya kazi na daktari mmoja aliyekuwa akipaza sauti, "Simenti inaingia!" na mtu wa nusukaputi anajibu, "Nimesikia, oksijeni iko juu, presha iko hivi." Nimefanya pia na wengine ambao mtu wa nusukaputi alijua simenti imeingia kwa sababu mashine imeanza kulia. Siku moja mashine ililia na hatukumrudisha mgonjwa. Hospitali sitaitaja. Kwenye cheti kiliandikwa "moyo kusimama", ambalo si uongo, lakini neno simenti halikuwepo popote. Mgonjwa huyo hayumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Sasa nije kwenye safari ya pakiti, maana hapa Uganda yetu ina namna yake. Kwenye maboksi niliyoyashika pameandikwa yahifadhiwe chini ya nyuzi 25 na mbali na mwanga. Viwango hupima simenti kwenye chumba cha nyuzi 23. Thieta ya Kampala yenye kiyoyozi inaweza kufika hapo. Mwezi wa pili kule kaskazini, wilaya za Moyo au Kitgum, umeme ukikatika, ni hesabu nyingine. Chumba kikiwa na joto simenti inaganda haraka. Daktari aliyezoea dakika zake anakuta limeshakuwa gumu chuma kikiwa nusu njia. Kimiminika kilichokaa kwenye joto muda mrefu kinaweza kuanza kuwa kizito ndani ya ampuli, na kikishakuwa kizito ni cha kutupwa.

Nani huibeba simenti? Mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa. Hospitali haina, wanaandikiwa kikaratasi, wanachanga pesa, wanapanda taksi hadi Kampala, wanatafuta duka. Simenti ya mama aliileta kaka yangu. Ilikuwa kwenye kavera, mfuko wa plastiki, pamoja na ndizi na chupa ya soda, ikasafiri kwenye taksi yenye dirisha lisilofunguka, ikasimama kwenye foleni ya Mukono, kisha ikapanda boda kutoka stendi. Mimi mwenyewe, muuguzi, niliipokea pale mlangoni na kumshukuru. Sikuuliza ilikuwa imekaa wapi kabla ya duka. Ningemuuliza nani?

Miaka minne baadaye nyonga ya mama ilianza kuuma usiku. Kisha pakatoka kijipu pembeni ya kovu, kikapasuka, kikawa kinatoa maji kila siku. Daktari tuliyempelekea, mtu mtaratibu, alitazama picha na kuuliza maswali mawili. Ni simenti gani? Ilikuwa na antibiotiki?

Waheshimiwa, hayo si maswali ya karani. Tangu kazi ya daktari Buchholz na mwenzake huko Ujerumani mwaka 1970, simenti nyingi huchanganywa kiwandani na antibiotiki, hasa gentamisini. Bakteria aliyenusurika miaka minne kando ya gentamisini huenda ameshaizoea, na daktari anatakiwa achague nyingine. Kisha kuna suala la toleo: kama pakiti ile ilitoka kwenye kundi lenye kasoro, kuna wagonjwa wengine walioipata. Na kama hospitali ilijichanganyia antibiotiki yenyewe, ilichanganya nini? Nimeona kwa macho yangu mtu akivunja ampuli ya gentamisini ya sindano, ya majimaji, na kuimimina kwenye simenti kwa nia njema kabisa. Maji hayo huidhoofisha simenti; kinachofaa ni antibiotiki ya unga, tena kwa kipimo, maana hata unga ukizidi unaifanya simenti kuwa dhaifu.

Nilikwenda kwenye hospitali alikopasuliwa. Ninafahamiana na watu wa masjala, wakanifungulia chumba. Faili la mama lilipatikana siku ya pili, chini ya mafaili ya malaria. Kwenye karatasi ya upasuaji paliandikwa "simenti, 1". Basi. Risiti ya kaka yangu nayo ilisema "simenti ya mfupa, moja", na duka lilikuwa limehama, pale sasa wanauza simu. Nyonga ya mama yangu mzazi, mwanawe ni muuguzi wa thieta, na hakuna mtu duniani anayejua amewekewa nini.

Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Nikinunua boda inakuja na namba. Simenti inayokaa kwenye mfupa wa mtu miaka 15 au 20 haina namba popote.

Mtaniuliza kama stika imewahi kuokoa mtu. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilitoka simenti mpya huko Ulaya iliyoitwa Boneloc. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri kuliko zilizotangulia: joto kidogo, kimiminika kidogo kinachovuja. Kwa maneno mengine, ilikuwa imejibu yale yote tunayoyalalamikia kuhusu simenti na mwili. Madaktari waliipokea. Lakini Norway ilikuwa na rejista ya viungo bandia tangu mwaka 1987, ambamo kila nyonga iliyowekwa iliandikwa pamoja na simenti yake, na kila iliyorudiwa iliandikwa pia. Walipolinganisha, nyonga za Boneloc zilikuwa zinalegea mapema mara kadhaa kuliko za simenti za zamani. Ilikuwa dhaifu. Mwaka 1995 ikaondolewa sokoni.

Hakuna daktari mmoja aliyeweza kuona jambo hilo peke yake. Yeye huona wagonjwa wake wachache wanarudi, anajilaumu, au anamlaumu mgonjwa kwa kubeba jerikeni.   Daftari ndilo lililoona.

Sasa jiulizeni: kama Boneloc ingeletwa Uganda, tungejua lini? Sweden walianza rejista yao ya nyonga mwaka 1979. Sisi katika thieta tunaandika "simenti, 1".

Na msidhani hili ni la vikongwe tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa nchini walibeba kinasaba cha selimundu, yaani siko seli. Kwa wale wenye ugonjwa wenyewe, damu huziba mishipa midogo na kichwa cha fupa la paja kinaweza kufa wakiwa bado vijana. Kijana wa miaka 25 akiwekewa nyonga leo, huenda akarudi kwenye meza mara mbili au tatu katika maisha yake, mbele ya madaktari ambao leo bado wako shule ya msingi. Wao watasoma nini kwenye faili? Halafu kuna vijana wa boda waliovunjika miguu, mfupa ukatoka nje ukapata uchafu: tunawajazia pengo kwa simenti yenye antibiotiki, tunaiacha wiki sita hadi nane mpaka utando ujijenge kuizunguka, kisha tunaitoa na kuweka mfupa. Wengine hupotea njiani, hawarudi. Wanatembea mahali fulani na simenti ambayo haikukusudiwa kubaki.

Najua mtasema nini, kwa sababu nimeambiwa tayari na wakubwa wa ngazi ya chini yenu: pesa hakuna, na tena simenti si dawa. Hilo la pili lina ukweli unaonitia wasiwasi. Simenti tupu ni kifaa. Ikishachanganywa na antibiotiki ni kifaa chenye dawa tumboni, na Ulaya huiweka kwenye daraja la juu kabisa la hatari kwa sababu hiyo. Hapa kwetu inaning'inia katikati. Mamlaka ya Dawa, tafadhali, tamkeni hadharani kwamba ni yenu. Mwagizaji aonyeshe hati kwamba simenti yake imepimwa kwa ISO 5833 na kwa vipimo vya kupatana na mwili vya ISO 10993, na aonyeshe ilivyotunzwa tangu bandarini Mombasa hadi dukani. Bohari nayo iinunue na kuisambaza yenyewe, ili kaka wa mtu asigeuke kuwa msafirishaji wa vifaa vya upasuaji.

Kuhusu pesa, tazameni mnachokifanya tayari. Mfuko wa damu una namba, na namba hiyo inarudi hadi kwa aliyejitolea. Kichupa cha chanjo kina alama inayobadilika rangi kikipata joto, na sista wa kituo kidogo kabisa anajua kuisoma. Hatukuwa matajiri tulipoanza hayo. Tuliamua tu kwamba damu na chanjo haviwezi kuingia mwilini bila historia.

Kwa hiyo agizo ninaloliomba ni hili: bila stika, upasuaji usihesabiwe kuwa umekamilika. Kama tunavyohesabu vitambaa kabla ya kufunga tumbo, stika moja iende kwenye faili, moja kwenye daftari la thieta, moja kwa mgonjwa. Karatasi ya upasuaji iwe na mstari wa joto la chumba na mstari wa kuonyesha kwamba mtu wa nusukaputi aliambiwa. Madaftari ya thieta yakusanywe kila mwaka Wizarani na mtu apewe kazi ya kuyasoma. Hata akianza na hospitali tano, hata akianza kwa kalamu. Na mgonjwa akifa simenti ikiingia, neno simenti liandikwe.

Mama alifanyiwa upasuaji wa pili. Walitoa kila kitu, kipande kwa kipande, kwa patasi na nyundo, na kwa muda amewekewa kiungo cha simenti yenye antibiotiki huku vidonda vikipona. Anatembea kwa magongo mawili na kuwagombeza wajukuu akiwa kwenye kiti. Siku hiyo nilisimama mlangoni kwa thieta, si kama muuguzi, na nilichomwomba mwenzangu wa ndani ni stika tu. Alinitolea zote.

Moja nimeibandika kwenye daftari la mama, lile la shule la kurasa 48 tunalonunua nje ya geti ili daktari apate pa kuandika. Analiweka kwenye mfuko mmoja na hati ya kiwanja chake, na asiyemfahamu haruhusiwi kulishika. Ya pili iko kwenye faili. Ya tatu nimeibandika hapa chini, kwenye nakala ya karatasi niliyoipeleka Wizarani, muone ukubwa wake.

Wenu,
Muuguzi wa thieta, Busia